Alama Sitini na Nane

Jumatatu, 11 Agosti

Mazoezi ya mpira wa Kimarekani yameanza leo, mara mbili kwa siku, na jua la Texas halina adabu. Wendell amerudi jioni amelowa kama aliyetolewa kisimani. Amekunywa jagi zima la chai ya barafu akiwa amesimama, kisha akauliza kuna nini cha kula. Nikamwambia kuna nusu ya ng'ombe.

"Na nusu nyingine kala nani?"

Nimenunua daftari hili kwa sababu ni mwaka wake wa mwisho shuleni, na sitaki unipite kama ilivyonipita mingine. Ana miaka kumi na saba. Alikuja kwangu akiwa na minne, begani kwa kaka yangu Doyle, aliyekuwa anakwenda kuchimba mafuta baharini kwa miezi miwili. Doyle hakurudi, bahari ilimchukua. Mama wa mtoto alikuwa ameshaondoka zamani. Basi mimi, mwanamke nisiye na mume, mwalimu wa hesabu wa shule ya Dunmore, nikapata mtoto bila kuonja uchungu wa kuzaa, na watu wakasema Verlene Tackett hatamweza.

Siku hizi watu hao hao wanamwita Trekta. Wanasema alijifunza kukimbia na mpira nyuma ya nyumba yangu: ati akiwa na miaka sita alikumbatia tikiti maji, akakimbizwa na mbwa watatu wa jirani, akalifikisha jikoni zima. Uongo mtupu. Alilidondosha ngazini, na doa liko mpaka leo. Na mbwa alikuwa mmoja, tena mzee.

Ijumaa, 5 Septemba

Mechi ya kwanza. Tumeshinda 27 kwa 6. Wendell amevuka mstari wa mwisho na mpira mara tatu, na kila mara walikuwa wanne wamemning'inia mwilini. Nimepiga kelele mpaka sauti imenikauka. Kesho Jumapili nitaimbaje kanisani?

Kesho ni Jumamosi. Ndivyo mpira unavyonifanya.

Jumatano, 10 Septemba

Joto. Nimesahihisha madaftari thelathini na mawili. Wendell yuko darasani kwangu mwaka huu, maana mwalimu wa hesabu wa darasa la mwisho ni mimi peke yangu. Akiwa darasani ananiita Mwalimu, mlangoni tu ananiita Shangazi na kuniomba pesa ya soda.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumeshinda tena. Bwana Kessler amekuja, yule mwenye kofia nyeupe anayekitafutia chuo kikuu wachezaji. Amekaa jukwaani na kijitabu chake. Nadine, mwenye mkahawa, rafiki yangu wa miaka thelathini, amenifinya mkono kila Kessler alipoandika kitu. Nina alama.

"Anaandika jina lake, Verlene!"

"Labda anaandika orodha ya sokoni."

"We mwanamke, huna imani."

Ninayo. Ufadhili wa masomo miaka minne, mtoto wa Doyle chuo kikuu! Nimeogopa tu kulisema kwa sauti.

Ijumaa, 19 Septemba

Tumecheza na shule ya Harmon, tumeshinda kwa shida. Wendell amechekesha uwanja mzima. Aliangushwa vibaya na vijana wawili, helmeti kwa helmeti, akalala kidogo, kisha akanyanyuka na kutembea moja kwa moja mpaka kwenye benchi la Harmon. Akaketi katikati yao na kuomba maji. Kijana mmoja wa Harmon akampa! Watu tulicheka mpaka tukashikana. Kocha Pruitt alikwenda kumchukua kwa mkono kama bwana harusi aliyekosea kanisa, na baada ya dakika mbili tatu tu alikuwa amemrudisha uwanjani.

Jumatatu, 22 Septemba

Mkahawani bado wanaigiza namna Trekta alivyoomba maji. Nimecheka nao.

Alhamisi, 25 Septemba

Wendell amekunywa chai asubuhi amevaa miwani yangu ya jua. Nikamwambia bado hajawa mtu maarufu. 

Ijumaa, 26 Septemba

Ushindi. Amevuka mstari mara moja tu. Watu wananung'unika kwamba Trekta limeishiwa mafuta.

Ijumaa, 3 Oktoba

Tumeshindwa. Aliudondosha mpira mara mbili, mikononi kabisa, bila kuguswa. Usiku hakula. Mtoto huyu hajawahi kukataa chakula, hata alipokuwa na surua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mtihani wa kufunga wiki sita za kwanza. Nimesahihisha mezani jikoni. Karatasi ya Wendell nimeirudia mara tatu nikitafuta pa kumhurumia. Alama yake ya wiki sita ni 68. Kufaulu ni 70, na sheria ya jimbo haina mjomba wala shangazi: ukifeli somo moja, huchezi wiki sita.

Huyu alikuwa anapata tisini.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijui nani alisema, ila kufikia saa nne asubuhi mji mzima ulikuwa unajua. Mkuu wa shule ameniita akanikumbusha kwamba alama hupelekwa ofisini Jumatatu saa sita mchana, na kwamba kabla ya hapo si alama bali ni mawazo tu ya mwalimu. Jioni Kocha Pruitt amekuja nyumbani na pai ya njugu za pekani aliyooka mkewe.

"Mwalimu, ni alama mbili."

"Najua kutoa, Kocha. Ndiyo kazi yangu."

"Muongezee hata za mwandiko."

"Umeuona mwandiko wake? Kuku angeona aibu."

"Mji mzima unakutazama wewe."

"Wanitazame vizuri, gauni ni jipya."

Hakucheka. Amesema Kessler atarudi kabla ya msimu kwisha, na asipomwona Wendell uwanjani atampa nafasi mwingine. Ameniuliza kama nataka mtoto wa kaka yangu avune pamba ya watu maisha yake yote. Hilo limeniuma, maana nimejiuliza mwenyewe tangu jana. Wendell wakati wote huo alikuwa chumbani, mlango umefungwa, taa imezimwa. Pai nimeirudisha. Kipande kimoja kilikuwa kimeshaliwa, kwa hiyo si heshima yote iliyorudi.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikwenda kanisani. Niandike polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi niliitoa tena karatasi ya Wendell. Niseme kweli, nilikuwa nimeshika kalamu nyekundu na nilikuwa natafuta hizo alama mbili. Nikaona karatasi imechakaa, imefutwafutwa na raba. Nikaiinua dirishani, jua likapita, na mikwaruzo ya penseli ikaonekana chini ya majibu. Swali la nne alikuwa ameandika jibu sahihi, akalifuta, akaweka la uongo. La saba hivyo hivyo. La tisa, la kumi na mbili. Yote aliyokosa alikuwa ameyapata kwanza. Na aliyachagua kwa mahesabu, yamlete chini ya sabini na asizame sana. Asiyejua hesabu hawezi kukosea kwa ufundi namna hiyo.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisema, huyu anajua, nitampa haki yake, atacheza. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi ndipo nikajiuliza: mtu anajifelisha kwa nini?

Nikaenda kubisha mlango wake. Alikuwa kitandani, pazia limefungwa, taulo machoni.

"Nimeona ulichofuta," nikamwambia.

Alilitoa taulo machoni. Halafu akasema, "Shangazi, usiongeze alama. Nakuomba."

"Una nini?"

"Naona mbili mbili. Tangu Harmon. Mpira unakuja miwili, nadaka ule ambao haupo."

Wiki tatu! Wiki tatu nimeishi naye nyumba moja, nikamtania na miwani. Na ile siku nilicheka. Nilikaa chini kwenye zulia.

"Kwa nini hukumwambia Kocha?"

"Dwight Sills wa timu yetu alisema kichwa kinamuuma mwaka jana. Wanamwitaje mpaka leo?"

Wanamwita Aspirini. Mimi mwenyewe nimewahi kumwita hivyo, darasani, nikidhani ni utani.

"Kufeli hesabu siyo aibu," akasema. "Watakukasirikia wewe, siyo mimi. Samahani, Shangazi. Niliwaza wewe unaweza kuvumilia."

Nilitaka kumchapa na kumkumbatia, nikamkumbatia. Ni mkubwa sasa, mikono yangu haikutani mgongoni mwake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sitaki kilio nyumbani kwangu, Doyle alitosha. Nikampa masharti: kesho kutwa tunakwenda kwa daktari wa mji wa mbali, na daktari ataambiwa yote. Hapa Dunmore nitanyamaza. Alama hii itamfungia mlango wiki sita, na hakuna kocha wala mkuu wa shule wala yeye mwenyewe atakayeweza kuufungua.

Jumatatu, 13 Oktoba

Saa tano na nusu nimepeleka alama ofisini. 68.

Jumanne, 14 Oktoba

Shuleni nimesema jino linaniuma, tukaenda mwendo wa saa moja na nusu. Daktari amemwonyesha vidole. "Vingapi hivi?" "Vinne." Vilikuwa viwili. Daktari amesema ubongo umetikisika, apumzike, na pigo jingine kama lile kabla hajapona lingeweza kumlaza moja kwa moja. Amelisema taratibu, akinitazama mimi.  Nimemnunulia aiskrimu kama mtoto wa miaka minne naye ameila kama mtoto wa miaka minne.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jana tumeshinda bila yeye, kwa pointi moja, na bado kosa ni langu kwamba haikuwa ishirini.

Kwa Nadine kila mteja wa siku zote ana kikombe chake msumarini ukutani, jina limeandikwa. Changu nimekikuta kimegeuzwa, jina linatazama ukuta. Nadine amepita na birika la kahawa mara nne, akamimina kushoto, akamimina kulia. Nimekaa nusu saa na meza tupu, nikasoma gazeti lote hadi matangazo ya ng'ombe.

Jumatano, 22 Oktoba

Kituo cha mafuta wamepanga herufi kwenye kibao chao: BI TACKETT HA JUI KUJUMLISHA. Wamekosea nafasi kati ya maneno. Nimesimamisha gari nikawaambia.

Ijumaa, 24 Oktoba

Leo wahitimu wa zamani wanarudi, na kila mwanamke mwenye kijana timuni anavaa ua kubwa la hariri kifuani, lenye riboni mpaka magotini, vikengele, na namba ya mtoto kwa gundi inayometameta. Miaka mitano Nadine amenitengenezea mimi langu. Mwaka huu hakuleta. Nimekwenda uwanjani na sweta tupu. Wendell alisimama pembeni ya timu na nguo za kawaida, akageuka akanitazama kifuani, akainamisha kichwa.

Nimelia garini. Ni upuuzi, ua! Lakini nimelia.

Jumatatu, 27 Oktoba

Upepo wa kaskazini umeingia. Mashine za pamba zinanguruma mchana kutwa na barabara imekuwa nyeupe. Wendell amenisomea gazeti kwa sauti kutoka upande wa pili wa meza, bila kukosea.

Ijumaa, 31 Oktoba

Tumeshindwa. Mayai sita kwenye kioo cha gari. Mayai mazuri tu, mabichi, yangetosha keki.

Ijumaa, 7 Novemba

Tumeshinda, tumeingia mtoano. Yule anayecheza nafasi ya Wendell ni kijana mwembamba wa kidato cha chini. Amecheza kama anayekimbizwa na deni. Wendell amemfundisha kila jioni uani kwetu. Amenionea haya nilipomwona.

Jumamosi, 15 Novemba

Jana tumeshinda tena. Leo asubuhi nimekwenda kwa Nadine kama kila Jumamosi, maana nikikosa hata moja watasema wamenishinda. Dirishani walikaa Kocha Pruitt, Wendell, na Bwana Kessler na kofia yake nyeupe. Baada ya wiki mbili kifungo kinaisha, na Kessler amekuja kuhakikisha mali yake haijaharibika. Nikasalimu, nikaketi mezani kwangu. Nadine akapita na birika, akamimina kushoto, akamimina kulia.

Wendell akasimama. Akaenda ukutani, akakitungua kikombe changu, akaligeuza jina lionekane. Akamfuata Nadine na kushika mpini wa birika.

"Kaa, mwanangu, kazi yangu hiyo."

"Mwezi mzima hujaifanya, Bi Nadine."

Akanimiminia mpaka kikombe kikafurika. Nilijua anataka kufanya nini. Nikamwambia kwa macho akae. Hakukaa.

"Shangazi hakunifelisha," akasema, na mkahawa wote ukaacha kutafuna. "Nilijifelisha. Nilifuta majibu. Siku ya Harmon mlipocheka sikuwa najua niko wapi. Nilikuwa naona watu wawili wawili, nikaogopa kusema."

Mtu nyuma akasema, "Si ungesema tu, Trekta? Nani angekucheka?"

"Dwight alisema. Mnamwitaje Dwight?"

 Dwight mwenyewe alikuwepo kaunta, na kijiko mkononi.

"Aspirini," akasema, mdomo umejaa chapati za maji.

Bwana Kessler akafuta midomo. "Kijana," akasema kwa upole, "mambo hayo ungeniambia nje, sisi wawili."

"Nje hakuna aliyemnyima Shangazi kahawa, bwana."

Kessler akamshukuru Nadine kwa mayai, akavaa kofia. Kupitia dirishani nilimwona amekaa ndani ya gari akiandika, kisha akafuta alichoandika, au nilidhani anafuta. Akaondoka. Wendell alilitazama lile gari mpaka vumbi la pamba likalificha. Alijua alichokitoa, na nilijua pia, na kahawa ile nimeinywa yote ingawa ilikuwa ya jana.

Nadine amejifungia jikoni. Tulisikia sufuria zikiangushwa.

Jumapili, 16 Novemba

Pikapu ya Kocha ilisimama nje dakika ishirini kabla hajashuka. Amesimama barazani, kofia mkononi.

"Nilimshika mkono mimi, Mwalimu. Nilimtoa kwenye benchi la watu, nikamtazama machoni, nikamrudisha mchezoni. Na nilikuwa nacheka."

"Hata mimi nilicheka, Pruitt."

Tumekaa ngazini, pale penye doa la tikiti maji.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya shukrani. Bata mzinga, mkate wa mahindi, na Wendell amekula nusu ya ng'ombe. Daktari ameandika kwamba amepona na anaweza kucheza, ila barua inataka sahihi yangu. Nimeizunguka barua hiyo siku tatu. Ningependa kumfungia kabatini mpaka afike miaka arobaini. Lakini nimemwona uani akikimbia peke yake, anacheka, na sijui nina haki gani ya kuizima furaha ile ikiwa daktari hakuizima. Nimetia sahihi kwa sharti moja, na Kocha amelikubali. "Akikosea kidole kimoja, Mwalimu, namtoa mimi mwenyewe."

Ijumaa, 28 Novemba

Tumeshindwa, 14 kwa 13, na msimu umekwisha. Nimerudi nina furaha ambayo siwezi kumweleza mtu.

Sharti lilikuwa hili: kila akiangushwa, akinyanyuka anitafute jukwaani. Mimi nainua vidole, naye anainua vya kwake vile vile kabla hajaenda popote. Mara ya kwanza niliinua vitatu. Akainua vitatu. Mara ya pili vitano, vitano. Kufikia robo ya mwisho jukwaa zima la Dunmore lilikuwa linainua vidole pamoja nami, bendi ya shule nayo, na watu wa Harmon upande wa pili hawakuelewa tumepatwa na nini. Ndiyo, walikuwa Harmon tena.

Dakika ya mwisho aliubeba mpira yadi thelathini, wakamwangusha wawili, helmeti kwa helmeti, palepale karibu na mstari. Alilala. Nikasahau kupumua. Akanyanyuka magoti kwanza, akageuka huku na huku. Niliinua viwili. Akatazama muda mrefu. Akainua kimoja.

Kocha alikuwa ameshaingia uwanjani anakimbia. Nikautazama mkono wangu: Nadine, niliyekuwa sijui amesimama nyuma yangu, alikuwa amekishika kidole changu kimoja kwa hofu, amekikunja kabisa. Wendell aliona sawa. Mimi ndiye niliyehesabu vibaya.

Akatembea mwenyewe mpaka kwenye benchi letu, na mvulana mmoja wa Harmon akamtupia chupa ya maji kwa mbali. Akaidaka.

Jumamosi, 6 Desemba

Barua ya chuo kikuu haijaja, na Kocha amesikia kwamba nafasi imepewa mwingine. Wendell amesema "Haya," akaenda kukata kuni, amekata za miaka miwili.

Jana lakini alikuja kocha wa chuo kidogo kilicho mwendo wa saa nne, na gari lenye vumbi kuliko letu. Aliuliza swali la desturi, kijana ana tatizo lolote la afya? Nilimtazama Wendell. Akalisema lote, Harmon, vidole, mtihani. Yule kocha akaandika, akageuza ukurasa, akaandika tena. Kisha akasema, "Mwaka huu nimewauliza thelathini na mmoja. Wote wazima kama chuma. Wewe ndiye wa kwanza ninayeweza kumwamini." Mwezi Februari Wendell atatia sahihi: masomo miaka minne, na mpira miaka minne, Mungu akipenda.

Leo asubuhi nimekuta kitu kimening'inia mlangoni. Ua la hariri kubwa kama sahani ya pai, riboni mpaka chini, vikengele kumi na viwili. Nadine hakuacha barua. Mahali pa namba ya jezi ameandika kwa gundi inayometameta: 68.

Ijumaa, 12 Desemba

Mtihani. Nimeusimamia nimevaa ua langu, kila nikitembea vikengele vinalia, wanafunzi wanaziba vicheko. Wendell amepata 94.

Nimeiinua karatasi yake dirishani, jua likapita. Hakuna kilichofutwa.